Chipu, mkanda au kibati: paka wangu nimwekee kipi?

Mkazi wa Tabata
Wadau, habari za jioni. Nina paka jike, rangi ya chungwa, nampenda sana. Nataka akipotea aweze kurudi. Kuna mkanda wa shingoni, kuna kibati chenye namba ya simu, na kuna chipu ya kuchomwa chini ya ngozi. Jumamosi nampeleka kwa daktari wa mifugo. Kipi bora?

Bi Mkubwa Tanga
Mwanangu, hujasema anatoka nje au anashinda ndani. Ana umri gani? Amefungwa kizazi? Tutakushauri vipi?

Fundi Redio
Wengi hudhani chipu itawaonyesha paka alipo kwenye simu. Haina betri wala GPS. Ni kitu cha ukubwa wa punje ya mchele, ndani mna namba ya tarakimu 15, basi. Mpaka apatikane mtu mwenye skana ampitishie mabegani ndipo isomeke. Mtaani kwenu nani ana skana? Kibati hata mtoto wa darasa la tatu anakisoma, anapiga simu. Mimi nasimama na kibati.

Mama Nyau
Fundi, kibati sawa, lakini kinaning'inia kwenye mkanda gani? Wangu nilimvalisha mkanda wa mpira unaovutika, nikaambiwa ndio salama. Akapotea siku nne. Siku ya tano asubuhi nafungua mlango wa uani, nasikia kilio chembamba nyuma ya pipa la maji. Alikuwa ameingiza mguu wa mbele ndani ya mkanda, pengine akijikuna, ukashindwa kutoka. Mpira umekata kwapani mpaka nyama inaonekana, manyoya yamegandamana na usaha. Nilikata kwa mkasi huku natetemeka. Kashonwa, kidonda kikafumuka, kashonwa tena. Kibati kilikuwepo muda wote, namba yangu inasomeka vizuri, na hakuna aliyepiga. Nawasihi, kama ni mkanda nunueni wenye kibanio kinachofyatuka ukivutwa, na vidole viwili vipite kati yake na shingo.

Fundi Redio
Pole sana dada. Lakini huo wa kufyatuka ukifyatuka, kibati nacho kimekwenda.

Msafiri Leicester
Ndiyo maana huku Uingereza hawakuishia kwenye mkanda. Tangu tarehe 10 Juni 2024, paka wa kufugwa England lazima awe na chipu kabla hajafikisha wiki 20, la sivyo faini hadi pauni 500. Na chipu bila kusajili namba yako ya simu ni kazi bure. Ukibadilisha laini, badilisha na kule kwenye usajili.

Mzee wa Bustani
Mkifunga mkanda ongezeni njuga. Paka wa jirani amemaliza chiriku wote kwangu.

Bi Mkubwa Tanga
Njuga itamsumbua masikio. Mfungie ndani usiku, ndege watapona.

Mzee wa Bustani
Bi Mkubwa, chiriku anawindwa alfajiri na mchana, si usiku.

Mkazi wa Tabata
Samahani, nilichelewa kurudi. Ana miaka miwili, amefungwa kizazi, hutoka mpaka ukutani tu. Nilisahau kusema tarehe 3 Agosti nahamia Ujerumani kikazi na ninakwenda naye. Chanjo ya kichaa cha mbwa alipata Februari.

Msafiri Leicester
Ndugu yangu, hilo ndilo ungeanza nalo! Mimi sasa sina la kuchagua, ni chipu.

Aliyehama na Wawili
Nimepita njia hiyo nikienda Uholanzi. Umoja wa Ulaya wanataka chipu kwanza, chanjo baadaye. Ile ya Februari haihesabiki kwa kuwa hakuwa na chipu. Jumamosi achomwe chipu ya kiwango cha kimataifa cha ISO, isomwe kwa skana, achanjwe upya siku hiyohiyo, namba iandikwe kwenye cheti. Zikipita siku 30 anatolewa damu ipimwe kama chanjo imeshika, kwenye maabara wanayoikubali. Majibu yakiwa mazuri, unahesabu miezi mitatu tangu siku ya kutolewa damu. Tupo katikati ya Mei. Hesabu mwenyewe.

Mkazi wa Tabata
Inafika katikati ya Septemba. Tiketi nimeshalipa. Kadi ninayo hapa mkononi, kweli haina namba ya chipu popote.

Mama Nyau
Nenda wewe, yeye afuate. Una mtu wa kumwachia?

Mkazi wa Tabata
Mama yupo Korogwe, ila ana mbwa wawili na ua hauna ukuta.

Fundi Redio
Basi akiwa Korogwe avae na kibati, chenye namba ya mama.

Mama Nyau
Kwenye mkanda wa kufyatuka, Fundi!

Bi Mkubwa Tanga
Hao mbwa wamezoea paka?