Wageni mnaoenda kulala kwa Wanenets huko Yamal, mnaboa sana

Wakuu salamu, leo naomba mnivumilie maana nimekasirika kweli.

Mimi niko Urusi kimasomo na juzi juzi nilijiunga na kikundi cha wageni kwenda rasi ya Yamal, kaskazini kabisa mwa Siberia, tukashukia mji wa Salekhard afu tukapelekwa mbali kwenye theluji kwa familia ya Wanenets, wenyeji wa huko ambao ni wafugaji wa rendia, wale kulungu wa nchi za barafu. Baridi ya huko ikizidi inafika nyuzi 40 chini ya sifuri. Familia imetupokea vizuri mno, chai haikatiki, nyama ipo, mnalala wote ndani ya hema lao la ngozi kama ndugu. Sasa wageni wenzangu!

Siku ya kuhama akina mama wameamka alfajiri wakabomoa hema, wakafunga miti na ngozi kwenye sleji, yale magari ya kuteleza kwenye theluji yanayovutwa na rendia, kazi nzito na wao ndo waifanyao. Mzigo umeshakaa sawa, jamaa mmoja eti kamera yake haikuwa tayari, anaomba wafungue wafunge tena apate video!! Na mwongoza watalii wetu badala ya kukataa akaenda kumbembeleza mama wa watu, mama akafungua. Niliona aibu mimi.

Mwingine akarusha droni juu ya kundi, wanyama wakatimka hovyo na vijana wakaenda kuwakusanya upya kwenye theluji inayofika magotini. Majike wana mimba hapo, wanazaa mwezi wa tano na wa sita, sasa ukiwakimbiza hivyo unataka nini? Akaulizwa, anasema amelipa.

Na kule ndani ya hema nyuma ya moto, upande unaotazama sleji yao takatifu, mwanamke hatakiwi kupita, tuliambiwa wote mapema kabisa. Dada mmoja alipita zaidi ya mara moja, akirekebishwa anacheka. Wewe kwenu mgeni anakanyaga mkeka wa swala na viatu unacheka?

Kilichonichoma zaidi ni lile swali la "mbona hawatabasamu". Hivi mnajua watu hawa wametoka wapi? Mwishoni mwa 2013 mvua ilinyesha juu ya theluji ikaganda ikawa barafu, wanyama wakashindwa kuchimba majani, wakafa kwa njaa rendia wapatao 61,000. 2016 joto likaja kali, kimeta kikalipuka, wakafa rendia zaidi ya 2,000 na mtoto wa miaka 12 akafariki. Na pale Bovanenkovo, eneo la gesi humo humo Yamal, gesi inachimbwa tangu 2012, mabomba na reli vimekatiza njia zao za malisho. Mtu kama huyo anakukaribisha kwake anakukatia nyama iliyo bora, bado unataka akuchekee kwenye picha?

Hela nayo. Sisi tulilipa pesa ndefu, nilipomuuliza mwenyeji kimya kimya anapata kiasi gani kwa kila mgeni, kiasi alichotaja kilikuwa kidogo mpaka nikarudia kuuliza nikidhani sijasikia. Kuni zao, chakula chao, usingizi wao, afu anayekula ni wakala aliyekaa ofisini mjini.

Anayepanga kwenda, kabla hujalipa mbane wakala akwambie wazi familia inabaki na shingapi, akizunguka zunguka achana naye. Na droni acha nyumbani. Kama kuna mdau ameshawahi kwenda kwa kuongea na familia moja kwa moja bila wakala, aweke hapa jinsi alivyofanya, nataka nirudi kwa utaratibu huo.