Re: Kochi la mama mkwe, litupwe au litengenezwe?

Jamani naomba ushauri. Mama mkwe anahamia fleti ndogo, katuachia kochi la kizamani la mtu mmoja, lile la masikio (mbawa za pembeni mwa kichwa), na viti viwili vya mbao vya kampuni ya Ercol, na mume wangu hataki hata kusikia habari ya kutupa. Kochi ukilikalia linalia kwikwi halafu linamwaga unga wa njano. Watu wa chariti (wanaopokea vitu vya msaada) walikuja na gari, wakalipindua, wakaondoka.

---

Pole dada. Walikuwa wanatafuta lebo ya moto, ile ya kushonwa inayoonyesha fanicha inahimili moto. Yangu niliikata mwenyewe na mkasi eti inanikwaruza, sofa zima kabisa likakosa wa kulipokea. Sheria ya hapa Uingereza ni ya 1988, sponji za zamani zilikuwa zinaua watu kwa moshi, Manchester 1979 duka liliungua wakafa 10, sasa anayeuza kibiashara au anayepangisha nyumba na fanicha zake lazima ziwe za kuhimili moto. Vilivyotengenezwa kabla ya 1950 havimo.

Kwa hiyo lipindue, ng'oa pini kidogo kwenye kile kitambaa cha chini umulike na tochi. Ukikuta gunia, spiringi zilizofungwa kwa kamba na manyoya ya farasi, hilo ni la zamani kweli. Ila huo unga ni sponji iliyooza, watoto wasilirukie kwanza.

Vya Ercol usimpe mtu!! Mbao haina shida, kinachochoka ni mto na ile mikanda ya raba, inakauka inakatika. Kila mkanda una kichuma mwishoni kinaingia kwenye mfereji wa fremu, unavuta tu, mimi nilimaliza kiti jioni moja na sijui hata kupiga msumari. Sponji mpya mwambie muuzaji unataka ya kuzuia moto.

Ukiamua kutupa pigia simu kaunsili (halmashauri ya mtaa), masofa siku hizi wanayatenga yakachomwe kwa sababu ya kemikali, na usiliache nje usiku ukaja kulia na faini.

---

Asante kaka. Nimelipindua. Juu sponji, chini yake gunia na manyoya, kumbe mtu aliongezea baadaye! Nimeokota pini za nywele na sarafu moja kubwa ya peni ya 1936. Mama mkwe kazishika pini kimya, anasema ni za mamake. Mwenye namba ya fundi makochi anitumie inbox, halitoki tena hili.