Nina laptop mpya ya kazi, nyepesi kama daftari. Niendelee nayo au niachane nayo?

Kalamu_Kavu (mleta mada)
Wakuu, habari za muda huu. Naombeni ushauri, na tafadhali msinicheke.

Nina siku tisa na laptop mpya, zile nyembamba za kiofisi, gramu 980. Nilizoea mashine ya kilo mbili na nusu, kwa hiyo siku ya kwanza nilisimama njiani mara mbili kupapasa begi kama imo. Kifuniko kinafunguka kwa kidole kimoja na upande wa chini unabaki umetulia mezani. Kibodi inabonyea laini bila kelele. Kamera ina kizibo chake cha kusogeza, ule mkanda wangu wa karatasi umestaafu.

Sasa kero. Nikiifunga na kuitia begini, naikuta ya moto na chaji imeshuka. Kwenye mkutano wa video feni inalia sauti nyembamba kama mbu wa saa nane usiku. RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, ni GB 8, nikifungua mafaili mawili makubwa ya Excel na tabo kumi inaanza kujikongoja. Matundu ni USB-C mawili tu.

Je, ndivyo zilivyo mashine nyepesi zote? Naweza kuongeza RAM? Niendelee nayo au niachane nayo mapema? Nawasilisha.

Kifaru_Mpole
Nipo siti ya mbele. Laptop ya gramu 980 ikiibiwa, hata begi halijui.

FundiWaUsiku
Mkuu, tuanze na joto. Mashine nyingi za sasa ukizifunga hazilali ule usingizi wa zamani. Zinatumia Modern Standby, yaani skrini imezimika lakini ndani inachungulia barua pepe na kushusha masasisho. Begini hakuna hewa, lazima uikute kama pasi. Fungua Command Prompt, andika powercfg /a, itakuonyesha inalala usingizi gani. Kisha kwenye mipangilio ya umeme weka kwamba ukifunga kifuniko iingie hibernate, yaani ihifadhi ulichokuwa unafanya kisha izime kabisa. Itachelewa kidogo kuamka, ila chaji utaikuta.

Feni ni ndogo, na feni ndogo inabidi izunguke kwa kasi ili itoe joto lilelile. Hizo gramu hazikupungua bure.

RAM: fungua Task Manager, nenda Performance halafu Memory. Penye Form factor pakisomeka Row of chips, ujue imechomelewa kwenye motherboard. GB ulizonunua ndizo utakazozikwa nazo.

Mama_Hesabu
Mimi nakumbuka 2008, Steve Jobs alipochomoa MacBook Air ya kwanza kwenye bahasha ya kaki. Nikasema siku moja na mimi. Miaka ikapita, nikapata nyembamba yangu, nikaichanganya na makaratasi mezani. Mwenzangu akaja na rundo la mafaili, akalitua juu yake bila kuangalia. Nilipoifungua, skrini imechora utando wa buibui kutoka kona hadi kona, na katikati kuna doa jeusi linalokua kila siku. Yule mwenzangu mpaka leo anasema hakuiona. Nimerudi kwenye nzito yangu, hata mtu akiikalia haisemi kitu. Uza, mwanangu.

Kalamu_Kavu
Asante Fundi, imeandika Row of chips kweli. Mama, pole kwa skrini, lakini kuuza bado sijafikia huko.

FundiWaUsiku
Siku tisa si bado uko ndani ya muda wa kurudisha dukani? Halafu ingiza serial number kwenye tovuti ya mtengenezaji, uone warranty ilianza lini.

Kalamu_Kavu
Sikuchukua dukani, mkuu. Nimeuziwa na mtu tunayefahamiana. Ila ni mpya, boksi nililifungua mwenyewe na chaja ilikuwa kwenye mfuko wake.

Mzee_wa_Kebo
Vijana mnapenda mteremko. Enzi zetu mtu anadunduliza, anakwenda dukani, anapewa risiti, anaitunza kuliko cheti cha kuzaliwa. Siku hizi "mtu tunayefahamiana". Haya.

FundiWaUsiku
Andika powercfg /batteryreport. Itatengeneza faili kwenye folda yako, lifungue kwa kivinjari. Nataka namba tatu: DESIGN CAPACITY (uwezo wa betri ilipotengenezwa), FULL CHARGE CAPACITY (uwezo wake sasa ikijaa) na CYCLE COUNT (mizunguko ya chaji).

Kalamu_Kavu
57,000 mWh, 49,810 mWh na 143. Ni nzuri au mbaya?

Kifaru_Mpole
143! Mpya hiyo imeshaolewa, ikaachika, ikarudi kwao.

FundiWaUsiku
Cycle moja ni sawa na chaji kamili ya betri imetumika, hata kama ni nusu leo na nusu kesho. Siku tisa hazikupi 143 hata ukikesha. Betri imeshapoteza kama asilimia 13 ya uwezo wake. Yenyewe si mbaya kwa mashine iliyotumika. Tatizo ni neno "mpya". Hebu sema, kuna kingine ulichoona?

Kalamu_Kavu
Hapana, ni hayo tu.

Kalamu_Kavu
Basi niseme. Juzi ilivyokuwa inajikongoja nikaamua kuifuta yote ianze upya. Ilipowaka nikachagua lugha, nikaunganisha wifi, ikafikiria kidogo, ikaniletea skrini ya kunikaribisha yenye jina la kampuni fulani, ikataka barua pepe ya kazi na nenosiri. Hiyo kampuni sifanyi kazi kwao. Nikampigia jamaa, akacheka, akasema hiyo ni kawaida ya laptop za kiofisi, nianze bila intaneti na nifungue akaunti ya hapohapo. Nikafanya, ikakubali. Tangu hapo inafanya kazi vizuri, na kazi zangu zote zimo, kwa hiyo sidhani kama hilo linahusiana na RAM.

Dada_Stoo
Ndugu yangu, hilo ndilo lilipaswa kuwa sentensi yako ya kwanza.

Nimekaa miaka kwenye idara ya IT nikigawa mashine za hivi. Hicho ulichokiona kinaitwa Windows Autopilot. Kampuni inasajili alama ya vifaa vya ndani vya mashine kwenye akaunti yake huko Microsoft. Kila ikifutwa, ikaanza upya na kukuta intaneti, inauliza "mimi ni wa nani?" na inajibiwa. Kufuta diski hakusaidii, hata ukiweka diski nyingine, maana usajili haupo ndani ya diski. Wa kuufuta ni kampuni yenyewe.

Wewe umepita mlango wa nyuma, na unafanya kazi hadi siku utakapolazimika kuifuta tena. Baadhi ya mashine za kiofisi zina pia programu ya ufuatiliaji iliyokaa kwenye firmware, yaani programu ya msingi iliyomo kwenye mashine yenyewe, nje ya diski. Hiyo hujirudisha yenyewe hata ukisafisha Windows, na mwenye mashine anaweza kuifunga kwa mbali.

Lakini tusimhukumu mtu. Kampuni huuza mashine za zamani, na IT wakisahau kuziondoa kwenye orodha inatokea hivihivi. Kama muuzaji ana karatasi ya kuuziwa, wanaiachia bila ugomvi. Muulize anayo.

Kalamu_Kavu
Kusema ukweli sitaki kumuuliza hivyo, itaonekana namshuku. Na mimi nimenunua kwa nia njema. Tena fundi mwingine kaniambia akitoa ile betri ndogo ya CMOS, inayotunza saa ya mashine, kila kitu kinaanza sifuri.

FundiWaUsiku
Kwa laptop nyingi za kiofisi za sasa, kutoa betri ya CMOS hakufuti hata nenosiri la BIOS, lile linaloulizwa kabla Windows haijawaka, sembuse usajili ulioko kwenye seva za watu. Huyo fundi atakurudishia saa isiyo sahihi na skrubu moja pungufu.

Jicho_Kavu
Samahani wadau, mimi nasema hii ni chai, tena ya rangi. Tazameni. Posti ya kwanza ni tangazo tupu: gramu 980, kifuniko kwa kidole kimoja, kamera ina kizibo. Jina la mashine hataji. Kisha "boksi nililifungua mwenyewe". Kama ndivyo, nani aliianzisha mara ya kwanza? Hiyo skrini ya kampuni angeiona siku ya kwanza, asingesubiri juzi. Mtu anatunga huku anatusoma.

Kifaru_Mpole
Hapo umemkamata. Mleta mada, maji yamezidi unga.

Mama_Hesabu
Na mimi nilikuwa nimemwonea huruma na kumhadithia skrini yangu yote!

Kalamu_Kavu
Siyo chai. Jina sitaji kwa sababu tukianza Mac na Windows hapa hatutalala. Boksi nililifungua kweli, ila halikuwa na seal. Jamaa alisema aliifungua kuniwekea Windows ili nisihangaike, ndiyo maana siku ya kwanza niliikuta tayari kwenye desktop. Nikaona ni ukarimu.

Jicho_Kavu
Piga picha mgongo wa mashine, ziba serial number, weka hapa. Dakika tano.

Kalamu_Kavu
Mgongoni kuna stika yangu.

Dada_Stoo
Kwa nini umebandika stika mgongoni, mahali ambapo hakuna anayepaona?

Kalamu_Kavu
Kulikuwa na kimraba cha gundi, urefu wa kidole gumba hivi, kinanata na kinashika vumbi. Kilikuwa kinaniudhi.

Dada_Stoo
Mimi nimebandika mamia ya vimraba hivyo. Ni stika ya namba ya mali ya ofisi. Ulikuwa unaijua tangu siku ya kwanza, au vipi?

Jicho_Kavu
Sawa, naondoa neno chai. Mtu hawezi kutunga ujinga wa kiwango hiki kwa makusudi.

Mzee_wa_Kebo
Nilisema mimi. Risiti.

Dada_Stoo
Fanya hivi. Leo hamisha kazi zako kwenye diski ya nje. Ukikuta diski ya laptop imefungwa kwa BitLocker, lile kufuli la Windows la diski, hifadhi na ule ufunguo wa tarakimu 48 mahali pengine. Kisha tafuta simu ya kampuni iliyoandikwa kwenye skrini, omba idara ya IT, wape serial number na uulize tu kama bado ni yao. Wakisema waliiuza, omba waiondoe kwenye Autopilot. Wakisema hawakuiuza, angalau umewapigia wewe mwenyewe.

Kalamu_Kavu
Kwanza nimempigia jamaa. Nimemwomba karatasi, kwa upole. Amesema atanipigia. Hiyo ilikuwa saa nne asubuhi, na sasa picha yake ya WhatsApp siioni tena.

Mafaili nimeanza kuyahamisha. Swali la mwisho, na hili mnijibu bila kejeli: stika yangu ya mgongoni inatokaje bila kuchana rangi?

FundiWaUsiku
Mashine ya kukaushia nywele, moto wa chini, nusu dakika. Anzia pembeni, vuta taratibu kwa kulala. Usitumie kisu.