Depite (mbunge) wetu leo kauliza "Metorex ni nini?" Ile mashine ya kupimia asilimia ya madini! METOREX NI NINI!!!

Watu wa Lubumbashi, mnamjua, simtaji. Yule wa sendika (chama cha wafanyakazi), wa kofia ya chuma na megafoni. Leo mbele ya wachimbaji, ndani ya koti la bei ya lori, kaulizwa kuhusu wizi wa depo, wale wanunuzi wa madini. Akamgeukia msaidizi: "Metorex ni nini?"

Yeye! Aliyelihubiri neno hili mpaka mbuzi wa Katuba wakalikariri! Mashine inasoma uso wa jiwe tu. Mwenye depo akiilenga kwenye udongo, kobalti ya 4% inatoka 1%. Sampuli itolewe kila gunia, ikaushwe, isagwe, ichanganywe, ndipo isomwe. Mali mbichi, yaani madini yenye maji, wenye depo wanakula mara mbili: maji yanashusha asilimia, halafu wanakukata tena kilo za unyevu. Na mzani ujaribiwe kwanza kwa saruji ya kilo 50, mfuko haujafunguliwa. Nani alifundisha haya? Leo: ni nini!

Kapita_Kenya: Bale benye kulia leo, njo bale bale balicheza siku ya kura. Tisheti yake ungali nayo?

Mwanzisha uzi: Napangusia viatu. Lakini kageuka KABISA, shingo nzima, "ni nini?"

Mtoto_wa_Gécamines: Wazee wa Union Minière, kampuni ya madini ya wakoloni, waligoma Desemba 1941, wakapigwa risasi hapa hapa mjini. Huyu kauawa na kiyoyozi.

Koti_Jeusi: Mnalilia mashine. Sheria ya madini (code minier) ya 2018 inagawa mrabaha, malipo ya kampuni za madini: 50% serikali kuu, 25% jimbo, 15% maeneo yenye mgodi, 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Ile 15% ulizeni inalala wapi.

Shimo30: Koti, tuondolee hesabu. Sheria inataka mchimbaji awe kwenye koperative na eneo lililotengwa. Maeneo yenyewe mengi hayana mali karibu, mwamba uko chini kuliko mita 30 zinazoruhusiwa. Ndiyo maana watu wanaruka ukuta wa makampuni.

Mwanzisha uzi: Jamani, METOREX!

Mama_Bukari: Unga je? Zambia ikibana mahindi, Kasumbalesa pale mpakani inakauka na bei inapaa jioni hiyo hiyo.

Kapita_Kenya: Mama, na mfuko wa kilo 25 siku hizi upime. Angalia mshono wa juu: wa kiwandani mara nyingi ni uzi mmoja ulionyooka, ukiona umeshonwa mara mbili huenda kuna mtu kaishapunguza.

Mama_Bukari: Kumbe! Na mfuko ule wa njano je?