Mjomba asikia nyayo usiku katika jumba la makumbusho analolinda

Mkazi wa Kihesa
Ndugu zangu, mjomba wangu ni mlinzi wa jumba la zamani la mawe hapa Iringa mjini, ambamo huhifadhiwa picha za kuchora na vyombo vya kale. Tangu baridi ya Juni ianze, husikia nyayo darini usiku, huhisi kitu kikimkandamiza kifua, na kukipambazuka kichwa humgonga mno. Majirani wanasema ni mzuka wa wenye vyombo. Je, tumwite mganga au padri, ama aiache kazi?

Mzee wa Kalenga
Mwanangu, tusichanganye mzimu na mzuka. Mzimu una ukoo wake na hutambikiwa. Mzuka hauna mwenyewe. Hapa Kalenga limo fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliyejiua mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani. Kurudishwa kwake kutoka Ujerumani kulidaiwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, nalo likarudi 1954, na watu huingia kulitazama kwa heshima, wala hawalikimbii. Kama vyombo hivyo vilichukuliwa bila ridhaa, ukoo wake utafutwe, lakini mjomba wako hana kosa.

Muuguzi wa Uyole
Mimi nimeshtushwa na hicho kichwa. Usiku hukaa wapi, na huota moto wa nini?

Mkazi wa Kihesa
Chumba kidogo cha chini, madirisha yamefungwa, jiko la mkaa likiwaka hadi alfajiri.

Muuguzi wa Uyole
Tafadhali litolewe leo hii. Mkaa unaowaka katika chumba kisichopitisha hewa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshika nafasi ya oksijeni katika damu. Huumiza kichwa, huleta uzito kifuani, huweza kumfanya mtu aone na asikie yasiyokuwapo, na huua watu usingizini. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, aliandika habari za familia iliyoamini nyumba yao ina mizuka, kumbe tanuri lao bovu lilikuwa likivujisha gesi hiyo. Ajifunike mablanketi, na afike zahanati apimwe.

Mkazi wa Kihesa
Mungu awabariki. Jiko liko nje tangu juzi, kichwa kimetulia na kifua kimekuwa chepesi. Nyayo bado anazisikia, mara tu baada ya giza kuingia.

Mzee wa Kalenga
Bati lililoshinda juani hunywea baridi inaposhuka, na mbao za dari hulia. Apande na tochi, asiende peke yake.

Mkazi wa Kihesa
Leo jioni nitapanda naye.