Wana Kigoma, jioni ya mashairi tuipeleke wapi na njia ya ufukweni imezibwa?

KijanaWaBangwe:
Wakuu salama? Tuna kikundi chetu huku Bangwe, tuko kama tisa hivi, kila Jumamosi jioni tulikuwa tunakaa mchangani mtu anasoma shairi lake au kisa alichoandika wengine wanamkosoa, hakuna kiingilio hakuna spika, daftari tu na karanga. Sasa ziwa lilivyopanda likameza mchanga wote tuliokuwa tunakalia, tukasogea juu, huko nako kuna lodge imeshusha ukuta mpaka majini na mlinzi anasema tununue soda kwanza ndo tukae. Soda yenyewe bei mara mbili ya madukani kule mtaa wa Mwanga. Watalii wa hifadhi ya Gombe wanaolala pale hatuna neno nao, kuna siku mmoja alikuja akakaa na sisi mpaka giza japo haelewi kitu. Tuhamie wapi? Na huo ukuta ni halali kweli?

Mwenzetu kashautungia:
*Ziwa lapanda kwa juu, ukuta washuka chini,*
*twaomba kwenu wakuu, tupitie njia gani?*

MtuWaMasijala:
Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kifungu cha 57 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Kazi iko kwenye kupima, unaanzia maji ya zamani au ya leo? Hapo ndo wajanja wanapojificha. Anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa, na iwe barua, nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa. Ukienda kwa mdomo unajibiwa kwa mdomo.

BabuUjiji:
Wanangu, hivi shairi na mchanga wapi na wapi? Kwetu Ujiji shairi ni baraza ya kahawa baada ya Isha. Wageni wanakuja pale walipokutana Stanley na Livingstone 1871, wanapiga picha ya mwembe wanaondoka, na jirani tu hapo kuna wazee wana tungo kichwani hazijawahi kuandikwa. Njooni na hayo madaftari kabla hatujazikwa nazo.

Karabai:
Babu shikamoo, ila kahawa yenu inanyima usingizi 😂. Mleta mada njooni mwaloni Kibirizi, hapa mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa kwahiyo mitumbwi inalala na sisi tupo tu tunashona nyavu na kubishana mpira. Kuna jamaa huku anatunga akiwa anapiga kasia, hajui hata kama hilo ni shairi. Harufu ya dagaa mtavumilia.

KijanaWaBangwe:
Marahaba sio yangu ila shikamoo Babu, tutakuja na Ujiji. Barua naandika leo. Karabai, dada zetu wawili wanauliza usafiri wa kurudi Bangwe usiku ukoje, bodaboda wanapatikana hapo mwaloni saa tatu?

Karabai:
Wapo. Mwambieni anayeleta karanga aongeze, huku tuko wengi.