Krismasi Dar es Salaam bila kwenda Moshi: nifanye nini na watoto wadogo?

Baba wa Tabata

Habari zenu ndugu zangu. Kila Desemba familia yangu hupanda kwenda Kibosho kwa wazazi, kama ilivyo desturi ya Wachaga wengi tulioko mjini, lakini mwaka huu mke wangu amejifungua mwishoni mwa Novemba, na sioni busara ya kumpakia mzazi na kichanga kwenye basi kwa safari ya zaidi ya kilomita 500. Shida yangu ni wakubwa wawili, wa miaka saba na minne, ambao kwao Krismasi maana yake ni kwa babu: kulala chumba kimoja na binamu zao wote, kumfukuza mbuzi kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la nyumbani, na kusubiri ndafu, mbuzi mzima wa kubanikwa, itolewe. Nikimwambia yule mdogo kwamba hatuendi, ananiuliza kama Yesu naye hazaliwi mwaka huu. Jikoni nitakuwa mimi mwenyewe, na fedha si za kuchezea kwa sababu ada ya Januari inanisubiri. Naomba mawazo yenu.

Mwalimu wa Shule ya Jumapili

Hongera kwa mtoto, na mama yake mpe pole. Kabla ya kufikiria chakula anza na pango la Krismasi, yaani mfano wa mahali alipozaliwa Yesu, kwa kuwa ndilo litakalomjibu mdogo swali lake. Usinunue la dukani. Boksi la viatu, udongo wa mfinyanzi na majani makavu ya mgomba vinatosha. Mkubwa afinyange watu, mdogo afinyange wanyama, na kondoo akitokea na miguu mitano mwacheni hivyo hivyo. Zingatia tu kwamba hori libaki tupu hadi usiku wa tarehe 24, na Mamajusi waanzie mbali, tuseme juu ya kabati la vyombo, wakisogezwa kidogo kila siku hadi wafike pangoni kwenye sherehe ya Tokeo la Bwana mwezi Januari. Hapo watoto wanakuwa na shughuli hata pilau ikishakwisha. Mkesha usiwalazimishe, mtoto wa miaka minne atakuwa amelala kabla ya Injili, kwa hiyo misa ya asubuhi inamfaa zaidi.

Mama wa Marangu

Mwalimu amesema vizuri, ila kilio cha watoto hawa naona si pango, ni babu na bibi. Mabasi ya Desemba hujaa yanapopanda Moshi na Arusha, lakini yanayoteremka Dar es Salaam siku hizo hizo huwa na nafasi. Kwa nini bibi asishuke? Mzazi anahitaji mtu wa kumpikia mtori na kumpokea mtoto, na wajukuu watapata Kibosho yao sebuleni. Ndafu usiiguse, kaka yangu. Kubanika mbuzi mzima ni kazi ya waliozoea, na nyama yenyewe ni nyingi mno kwa nyumba yako. Nunua mguu mmoja buchani, uchemshe kwa chumvi, tangawizi na limau hadi ulainike, kisha umalizie kwenye jiko la mkaa. Utamu wa ndafu kwa mtoto uko kwenye kugawa, maana nyumbani kila kipande kina mwenyewe. Mpe wa miaka saba heshima ya kutangaza nani anapata nini, akianzia kwa mama yake.

Jirani wa Temeke

Mimi ni Mwislamu, ila mtaani kwetu sikukuu zote ni zetu. Watoto wakishavaa nguo mpya, watume wapeleke sahani za pilau zilizofunikwa kwa majirani, kama wanetu wanavyofanya siku ya Idi. Nyama iwe ya kuchinjwa kihalali ili kila mmoja ale bila wasiwasi. Nao watoto wa mtaa wakija kudai sikukuu yao, pipi na sarafu za mia mbili zitawatosha kabisa.

Baba wa Tabata

Nawashukuru sana. Mama amekubali kushuka wiki moja kabla ya sikukuu, na mzee atabaki na ng'ombe; naye tutampigia simu ya video wakati wa kugawa nyama, kwa kuwa kipande chake lazima kitajwe hata kama hayupo. Kazi ya pango imeanza, ingawa hadi sasa tuna ng'ombe wengi na Yusufu bado hajapatikana. Limebaki suala la mti: ninunue wa plastiki?

Mwalimu wa Shule ya Jumapili

Fedha ya mti wa plastiki iweke kwenye ada. Tafuta tawi la mvinje siku mbili tatu kabla ya Krismasi, si mapema zaidi, maana kwa joto la Dar es Salaam hukauka upesi. Lisimike kwenye ndoo ya mchanga uliolowa maji, wanao walipambe kwa pamba na maputo, na mkiweka taa za umeme mzizime kabla ya kulala, kwa sababu mvinje mkavu hushika moto haraka.